Mazoezi ya Kuazima Hayadumu

 

Ndugu msomaji, mkazi yeyote wa Dar es Salaam anayerejea kutoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri siku ya Jumamosi au Jumapili anaifahamu sauti ninayotaka kuizungumzia. Huanza kusikika kwa mbali, filimbi kwanza, kisha nyimbo za mchakamchaka, kisha nyayo nyingi zikipiga lami kwa pamoja; na punde unawaona, vijana kwa wazee, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la kikundi chao mgongoni. Vikundi hivi vya jogging vimeenea Temeke, Ilala, Kinondoni na hata mikoani. Kule Zanzibar tarehe 1 Januari imezoeleka kuwa siku ya vikundi vya mazoezi kukusanyika. Mwezi Desemba mwaka 2016 Bi. Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya watu kutoka na kunyoosha viungo. Haya yote ni mambo ya kheri, na hakuna mwenye akili timamu atakayeyapinga.

Hata hivyo, makala yetu ya leo haiwahusu hasa wale wanaokimbia. Inawahusu wale waliokimbia nao wiki tatu au nne, kisha wakatoweka kimyakimya, na sasa wakikisikia kikundi kinakaribia hujibanza nyuma ya lango hadi kipite. Mimi nami ni mmoja wao, kwa hiyo naandika kwa kuijua hali hiyo.

Nilikuwa na umri wa miaka 53 pale daktari mmoja aliponifunga mkono kwa kipimo cha presha, akaandika namba, akarudia kwa mkono wa pili, kisha akaniomba nirejee kesho yake asubuhi kabla sijala kitu ili anipime sukari. Majibu hayakuwa mazuri. Presha ilikuwa juu, na sukari ilikuwa imefika kwenye ule mpaka ambao, kwa maneno yake, ukishavukwa kurudi ni kazi. Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa maradhi ya kisukari miaka miwili kabla ya kufariki, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kumpeleka msalani. Kwa hiyo sikuhitaji kutishwa.

“Sheikh,” daktari akaniambia, “dawa nitakuandikia, lakini nusu ya dawa iko miguuni mwako.”

Jumamosi iliyofuata nikajiunga na kikundi cha mtaani kwetu pamoja na shemeji yangu, ambaye naye tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia njiani. Tulinunua fulana siku moja na viatu siku moja. Wiki ya kwanza misuli iliniuma, jambo nililolitarajia. Wiki ya pili na ya tatu maumivu yalipungua, lakini moyo ulikuwa mzito zaidi kuliko mwanzo. Wiki ya tano nikaanza kupanga nyudhuru tangu Ijumaa usiku: mvua inakuja, kuna msiba, nina darsa, nina mgeni kutoka Tanga. Wiki ya saba fulana yangu ikawa nguo ya kulalia. Shemeji hajaacha mpaka leo, na mkewe anatuambia kwamba akikosa Jumamosi moja tu, nyumba nzima hukosa raha.

Nilijihukumu vikali. Mtu anayepanda mimbari kuwahimiza wenzake juu ya istiqama, yaani kudumu katika jambo, ameshindwa na mbio za nusu saa! Nilikuwa tayari kuamini kwamba mimi ni mvivu na kwamba yaliyompata mzee wangu yananisubiri. Aliyenifungua macho ni mke wangu, tena kwa maneno machache wakati akipanga vyombo. “Wewe kutwa uko na watu,” alisema. “Wakitoka hawa wanaingia wale. Halafu unatafuta watu wengine mia ukapumzike nao?”

Nikalitafakari neno lile siku kadhaa. Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo. Ni mtu wa mzaha, anayekereka akikaa peke yake hata kwa saa moja, na ndani ya kikundi anapata marafiki, wateja na habari za mji. Mimi siku yangu imejaa wanafunzi, ndoa zenye mgogoro, mirathi inayogombaniwa na simu za watu wenye maswali. Nilichokuwa nimekosa ni ukimya. Ile jogging kwangu ilikuwa kikao kingine cha kuhudhuria.

Basi nikaanza kutembea peke yangu. Nikitoka msikitini baada ya Alfajiri siendi nyumbani moja kwa moja. Ninashika njia ya mbali, kwa mwendo wa mtu anayekimbilia mazishi, nikiirudia hifadhi yangu ya Qur’ani kimoyomoyo. Sina haja ya saa. Surat Yasin ikiisha ninakuwa nimefika darajani, na hapo ninageuza. Huu ni mwaka wa tatu, na sikumbuki hata siku moja niliyojilazimisha.

Nilidhani hili ni jambo la nyumba yangu tu, hadi nilipolikuta katika maandishi ya wataalamu. Mwaka 2025 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Dakta Flaminia Ronca, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya uhusiano kati ya hulka ya mtu na mazoezi anayoyafurahia. Waliwachukua watu 132 waliojitolea, wakawagawa makundi mawili: moja likapewa mpango wa wiki 8 wa kuendesha baiskeli na mazoezi ya nguvu nyumbani, na jingine likaendelea na maisha yake. Waliofika mwisho walikuwa 86. Kila mmoja alipimwa hulka yake kwa ile mizani ya mambo matano ambayo wanasaikolojia wengi huitumia siku hizi: kupenda kuchanganyika na watu, kushika utaratibu, upole wa kupatana na wengine, wepesi wa kupokea mambo mapya, na wepesi wa kupata wasiwasi.

Yaliyodhihiri hayatamshangaza mtu aliyewahi kusomesha watoto. Wachangamfu walifurahia zaidi mazoezi makali. Wenye wasiwasi walipendelea vipindi vifupi vyenye mapumziko, na hawakupenda kuchunguzwa wakati wakifanya. Wenye kushika utaratibu walikuwa na siha nzuri pande zote, nguvu na pumzi, lakini si kwa sababu walifurahia kuliko wenzao. Inaonekana wao hufanya kwa kuwa limeandikwa kwenye ratiba. Tunawajua watu wa namna hiyo, Allah awazidishie, ingawa kuishi nao si rahisi.

Utafiti mmoja wa watu 132 si sheria ya ulimwengu, na washiriki wake waliishi mazingira tofauti na yetu. Lakini asili ya fikra yenyewe ni ya zamani mno, na sisi tulisoma habari zake kabla ya Ulaya kuwa na vyuo vya saikolojia. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, alitenga sehemu ya kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb kuzungumzia riyadha, yaani mazoezi. Hakuwaandikia watu wote zoezi moja. Alitaja mieleka, mbio, mwendo wa haraka, kurusha mishale na kupanda farasi, na kwa walio dhaifu akataja hata pembea na safari ya mashua. Ni kweli kwamba alijenga mengi juu ya nadharia ya mizaji minne, ambayo tiba ya leo imeiacha. Lakini lile jicho lake la kumtazama mtu kwanza, kisha zoezi, halijachakaa.

Na ukirudi nyuma zaidi, kwa sahaba wenyewe, utaona vivyo hivyo. Salama bin al-Akwa’ (R.A.) alisifika kwa mbio za miguu, wengine walisifika kwa upanda farasi au ulengaji mishale. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi. Aisha (R.A.) safarini, baada ya kuwaambia watu watangulie mbele. Ndugu msomaji, lizingatie hilo la kuwatanguliza watu.

Tukiachana na hulka, liko jambo la pili ambalo pengine lina uzito zaidi, nalo ni siku ya mtu ilivyo. Hapa kuna kisa mashuhuri cha mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Dereva na kondakta walipanda basi moja, walivuta hewa moja na walitoka mitaa inayofanana; tofauti ni kwamba dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi akikatisha tiketi. Morris aligundua kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Hakuna kondakta aliyekuwa akifanya “mazoezi”. Walikuwa kazini tu, na mwili haukuuliza kama wamevaa fulana ya michezo.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1956, Morris alirudi na jambo jingine. Alitazama vipimo vya sare za wafanyakazi wale, akaona kwamba viuno vya suruali za madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makondakta, na kwamba tofauti hiyo ilikuwepo tangu wanapoanza kazi wakiwa vijana. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ilitokana na aina ya mtu aliyeichagua kazi ile, wala si kazi peke yake. Napenda uaminifu wa mwanachuoni anayerudi kuitilia mashaka hoja yake mwenyewe. Morris aliishi hadi mwaka 2009, akafariki akiwa na umri wa miaka 99.

Kisa hiki nilimsimulia kijana mmoja wa msikitini kwetu ambaye ni dereva wa daladala. Alikuwa amekuja kunilalamikia mgongo, kitambi na usingizi usiotosha. “Sheikh, mimi natoka nyumbani saa 10 alfajiri, narudi saa 4 usiku,” aliniambia. “Hayo mazoezi nitayafanya saa ngapi, kaburini?” Sikumlaumu kwa ukali wa maneno, kwani washauri wote aliokutana nao walimpa ratiba ya mtu mwenye saa zake mwenyewe.

Tulikaa tukaihesabu siku yake kama watu wanaohesabu mirathi. Ikadhihiri kwamba kila anapofika mwisho wa njia husubiri zamu yake kituoni kati ya dakika 15 na 25, na muda huo huupitisha kwenye kiti kilekile akitazama simu. Kwa siku anasubiri mara sita au saba. Na nilipomuuliza alikuwa akipenda nini utotoni, uso ukamchanua: mpira, na mashindano ya ndondo. Basi tulikubaliana mambo mawili. Akifika kituoni anashuka na kukizunguka kituo hadi zamu ikaribie. Na siku yake ya mapumziko anarudi uwanjani na rika lake, si na vijana wa miaka 18 watakaomvunja mguu.

Yeye ni mtu wa kushindana, kwa hiyo simu iliyokuwa ikimkalisha sasa inamhesabia hatua, na makondakta wa kituo kizima wanajua jana alipata ngapi. Aliwahi kunijia akiwa amenuna kwa kuwa hafikishi hatua 10,000. Nilimweleza asili ya namba hiyo: ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua 10,000. Ilikuwa namba ya kuvutia wanunuzi kabla haijawa namba ya madaktari. Mwaka 2019 Dakta I-Min Lee wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 16,741 wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa wazi kuliko waliotembea 2,700, na faida hiyo ilizidi kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Wale ni akina bibi, na yeye ni kijana, hivyo asijifiche nyuma yao; ila alielewa kwamba hatua 6,000 si kushindwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate baina ya dakika 150 na 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Au nusu ya dakika hizo kwa mazoezi makali. Juu ya hayo, siku mbili au zaidi za kuitia misuli nguvu. Waliotimiza miaka 65 wanahimizwa pia mazoezi ya kusimama imara wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Kitu kimoja katika mwongozo huo kilipita bila kelele, nacho ni kwamba lile sharti la zamani la dakika 10 mfululizo limeondolewa. Dakika mbili za ngazi zinahesabiwa, na dakika tano za kukizunguka kituo cha daladala zinahesabiwa vilevile.

Sharti hilo kuondolewa kulimfaa mtu mwingine ambaye nataka nimzungumzie kwa kirefu. Alhamisi moja baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja wa makamo alibaki nyuma na binti yake. Alisubiri wenzake watoke wote ndipo akasema. “Sheikh, daktari ameniambia nifanye mazoezi, la sivyo nitaanza sindano za sukari. Nikitoka barabarani nahisi kila jicho liko mgongoni mwangu. Baba watoto hapendi, na kusema kweli mimi mwenyewe sipendi. Nimejaribu mara mbili, nimerudi nyumbani nikilia. Je, nina dhambi kwa kuiacha afya yangu?”

Nilimwambia, “Mama, tusilitie jambo hili kwenye mizani ya dhambi kabla hujajaribu njia inayokuelekea.” Kisha nikamuuliza siku yake. Yeye hupika vitumbua. Huamka saa 10, anauza hadi saa 3 asubuhi, na tangu hapo hadi anapoanza kupika chakula cha mchana nyumba ni yake peke yake. Ana ua uliozungushiwa makuti. Ni mtu wa wasiwasi, hawezi kutazamwa, hawezi kuhesabiwa na mtu aliyeshika filimbi. Kila alichoshauriwa kabla ya hapo, yaani kikundi, barabara na ukumbi wa mazoezi wenye vioo, kilikuwa ni kinyume cha maumbile yake na kinyume cha nyumba yake.

Mimi si tabibu. Nilimwomba muuguzi mmoja, ambaye naye huhudhuria darsa zetu, aonane naye pamoja na kadi yake ya kliniki. Walichopanga ni kitu ambacho mpita njia asingekitambua kuwa ni mazoezi: dakika nane za kuzunguka ua huku redio ikisoma habari, kisha kukaa na kuinuka juu ya kiti mara kumi, kisha kupumzika, halafu kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, halafu kunyanyua dumu la maji la lita 5, mkono huu na mkono ule. Mara mbili kwa siku. Mumewe alipoona hakuna anayetoka, naye akawa hana la kusema. Nasikia siku hizi hushika dumu la pili.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuukubali woga. Sioni hivyo. Yuko mwanamke wa hulka nyingine ambaye ua ungemfanya awe kama ndege tunduni, na huyo naye atafutiwe chake. Kule Nungwi, Unguja, tangu mwaka 2011 mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima, na wakufunzi wao ni wanawake. Wasichana wa kisiwani, waliokua wakiitazama bahari kila siku bila kuiingia, wakaelea. Sitara ilipatikana na bahari ikabaki palepale.

Sasa nirudi kwenye pingamizi nililolipata nyumbani. Nilipomsomea mke wangu rasimu ya makala hii alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Na ambaye hulka yake ni kukaa barazani je?” Ni swali la haki. Maneno haya ya kumfaa mtu yanaweza kugeuzwa mto wa kulalia. Jibu langu ni kwamba hulka inachagua mlango, haichagui kubaki nje. Na katika ule utafiti wa London kuna jambo moja lililonigusa kuliko mengine: waliopungukiwa zaidi na msongo wa mawazo baada ya wiki zile 8 walikuwa ni wale wenye wasiwasi mwingi. Yaani watu ambao maumbile yao yanawavuta wajifiche ndio waliopata faida ile kwa wingi.

Kwa hiyo anayetaka kuanza na ajiulize kwanza mambo ambayo watu hawajiulizi. Nikichoka, watu hunirudishia nguvu au hunimalizia zile zilizobaki? Nikipewa jambo lilelile kila siku, linanituliza au linanichosha? Nikishindana, ninapata ari au ninapata kinyongo? Na katika saa 24 hizi, ni zipi ambazo hakuna mtu mwingine anayezidai? Fundi cherehani atajibu tofauti na mlinzi wa usiku, na mwanafunzi wa chuo atajibu tofauti na babu yake mstaafu. Mwenye kuchoshwa na kitu kimoja abadilishe: leo baiskeli, kesho kamba, keshokutwa jembe shambani. Mwenye kupenda utaratibu asihangaike kutafuta raha, aandike tu saa na kuifuata.

Na asitarajie mazoea yaje kwa wiki moja. Dakta Phillippa Lally na wenzake, wa chuo kilekile cha London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo litendeke bila kujisukuma. Lakini mwepesi kuliko wote alikadiriwa siku 18, na mzito siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Washiriki wale waliambiwa wakifunge kitendo kipya na jambo ambalo tayari linatokea kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Sisi tuna nyakati tano ambazo hazihitaji kukumbushwa na simu. Hadithi ya kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo inajulikana na kila aliyepita madrasa, japokuwa mimi mwenyewe niliifundisha miaka 30 kabla ya kuitazama kwa miguu yangu.

Ramadhani inahitaji neno lake. Mpango wa mwezi huo haufanani na wa miezi mingine. Wengi huwafaa mwendo mwepesi karibu na magharibi, au baada ya tarawehe mwili ukiwa umepata maji. Lakini anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asichanganye saumu na mazoezi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha. Vivyo hivyo, anayebanwa kifua au kuishiwa pumzi kwa mwendo mdogo atangulie hospitali, viatu vitamsubiri.

Shemeji yangu bado hunipitia na kundi lake Jumamosi, nami nikiwa narudi kutoka darajani. Hunipigia kelele ya utani kwamba nimewakimbia wanaume. Ninampungia mkono. Presha yangu ilipopimwa mara ya mwisho ilimridhisha daktari, na ya shemeji pia.

Yule mama wa vitumbua alimtuma binti yake Alhamisi iliyopita. Ni wiki ya tisa sasa, na kadi yake ya kliniki imeanza kuonyesha namba ndogo. Alikuwa na swali moja: masika yakianza ua hujaa tope, je, afanyeje? Nililifikisha swali kwa muuguzi, lakini kabla jibu halijarudi alikuwa amekwisha kulipata mwenyewe. Ameipima korido ya nyumba yake, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa mbele. Ni hatua 12 kwenda na 12 kurudi.